Hita ya Chini ya Meza

Nafika Halifax saa moja asubuhi, giza bado limekaa kitako,
mvua ya Novemba yagonga madirisha ya kiwanda cha mapazia
kama mtu anayedai deni dogo.
Nina sanduku la kupimia, bisibisi tatu,
na bunda la vibandiko vya kijani vyenye herufi zangu, V. M.,
Vuai Mshenga, muuliza vyombo maswali
ambayo wenye vyombo wamechoka kuyauliza.

Kwanza macho. Mashine baadaye.
Vijana ninaowafunza hukimbilia mashine,
wanapenda taa iwake, tarakimu zicheze.
Mimi nashika waya kwa vidole viwili, naufuata
toka shingo ya plagi hadi tumbo la chombo,
polepole, kama mama anayemtafuta mwanawe chawa.
Hapa ngozi imechubuka.
Hapa umepindwa mara elfu, pale pale.
Hapa mtu ameuzungushia utepe wa kufungia maboksi,
akaandika juu yake kwa kalamu ya wino: SALAMA.
Salama ya nani?

Pasi kumi na nne za mvuke. Kumi na tatu zimepita.
Ya kumi na nne nimeifungua plagi, na mahali pa fyuzi
nimekuta karatasi ya fedha ya chokoleti,
imekunjwa vizuri, kwa ustadi,
na mtu aliyekuwa na haraka.
Fyuzi ni mlinzi anayekubali kufa yeye ili nyumba ibaki.
Sasa huyu wa chokoleti angemfia nani?
Nimeiweka mezani kwa Bwana Ackroyd.
Ameitazama. Amekunywa chai yake. Hakusema neno.

Birika limepita. Feni imepita.
Redio ya Dilwar, mkata vitambaa, imepita nayo,
akapiga kofi moja, pa!
kama mzazi aliyesikia jina la mwanawe kwenye matokeo.
Kisha akaniuliza, ule waya wa kijani na manjano wa nini,
mbona chombo chafanya kazi hata ukikatika?
Nikamwambia: umeme uliopotea hautafuti mkosaji,
unatafuta udongo tu, kwa njia iliyo karibu.
Usipoutengea waya wake
utapita mkononi mwako,
na mkono wako, Dilwar, una jasho na una pete.
Akaificha mfukoni, ule mkono.

Ofisini, saa mbili na nusu. Makarani wanaingia na makoti.
Chini ya meza ya mwisho, nyuma ya pipa la taka,
hita.
Haimo kwenye orodha. Waya wake umeyeyuka shingoni,
rangi ya ukoko wa wali.
“Si yangu,” kasema Maureen wa mishahara.
“Si yetu,” wakaitikia wengine, hata nisiowauliza.
Akaja Grażyna na ndoo yake, mkono juu kama mwanafunzi.
“Yangu. Mimi naanza saa kumi alfajiri.
Boila inawashwa saa tatu.”

Sikuwa na la kumjibu. Nikakata plagi.
Sauti yenyewe ndogo, kama ya ukucha.
Nikabandika kibandiko chekundu, naye akakisoma
mara mbili, midomo ikitembea,
akaikumbatia hita yake iliyokufa, ingali na vuguvugu.

Kwenye fomu, safu ya maelezo ni nyembamba;
miaka tisa nimeandika humo maneno mawili: waya umechakaa.
Leo nimeandika hayo, kisha nikavuka mstari,
nikaingia pambizoni, nikageuza karatasi:
mwenye hita anapiga deki saa tano kila siku
katika baridi ya nyuzi sita.
Ukiiondoa hita, baridi inabaki.
Kifaa hiki sikukipima, sina kibandiko chake.

Nimempa Bwana Ackroyd atie sahihi.
Anatafuta kalamu. Mfuko wa shati, mfuko wa koti,
tena mfuko wa shati.
Ukutani bomba limeanza kukohoa.
Nami nimebakiwa na ghorofa moja, na ngazi zake zina maji.